Jioni zetu za Kidato cha Pili

Matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio, yalitoka mwishoni mwa Agosti 2022, na binti yangu alikuwa na F tatu: Hisabati, Fizikia na Kemia. Baiolojia na Jiografia D. Kiswahili, somo ambalo pale nyumbani tulidhani halina haja ya kusomwa, alipata C ya chini kabisa. Upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili mwaka ule ulikuwa unaanza mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo tulikuwa na miezi miwili.

Kwenye kikao cha wazazi mwalimu wa taaluma alieleza bila kuzunguka. Upimaji unatungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chini ya alama 30 ni F, na mwanafunzi asiyefikia kiwango anarudia darasa. Ni kweli tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada, lakini mzazi yeyote anajua mwaka wa kurudia unavyokula: chakula cha mchana, sare, viatu, madaftari ya masomo tisa. Na aibu ya mtoto, ambayo mimi niliiogopa kuliko hela.

Ninauza viazi mviringo Uyole, Mbeya, pale barabara ya Tukuyu inapoiacha barabara kuu ya kwenda Tunduma. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1998, sikuendelea. Tuisheni ya masomo yote nisingeiweza, labda ya somo moja. Nikaamua kwamba kuanzia Jumatatu ile, tukishakula, saa moja na nusu hadi saa tatu usiku, tutakaa mezani wote wawili na madaftari yake. Yeye alicheka kidogo, kwa heshima. "Mama, ni kwa Kiingereza vyote." Nikamwambia asome tu, mimi nitasikiliza.

Jioni ya kwanza alileta Baiolojia. Akafungua mada ya lishe ya mimea, akafumba macho, akamwaga Kiingereza kirefu bila kukwama hata mara moja. Nilifurahi. Kisha nikamuuliza, haya, maana yake nini? Akarudia sentensi ileile, polepole zaidi. Nikasema niambie kwa Kiswahili, kama unavyomwambia mdogo wako. Akanyamaza. Akaangalia daftari, akaniangalia, machozi yakamlengalenga. Mtoto alikuwa amekariri kurasa nzima na hajui zinasema nini.

Pale ndipo nilipojua kazi yangu ni ipi. Sikuhitaji kujua Baiolojia. Nilihitaji kukaa pale na kusema "sijaelewa, nieleze tena" mpaka yeye mwenyewe aelewe.

Ile mada ilituchukua jioni tatu, na ninaikumbuka kuliko zote. Kitabu kilisema wanga hugunduliwa kwa ayodini. Nikanunua kichupa duka la dawa. Tukakata kiazi, tukadondosha: papo hapo kikageuka rangi ya buluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Tukajaribu kipande cha ugali kilichobaki, vilevile. Kitunguu, hapana, kikabaki na rangi ya kahawia ya dawa. Wadogo zake wakataka kudondoshea kila kitu jikoni, ikabidi nifiche kichupa.

Halafu nikamuuliza swali lililonijia tu kwa sababu ya kazi yangu. Umesema mmea unatengeneza chakula kwenye jani, kwa mwanga wa jua. Sasa kiazi kiko ardhini, gizani. Huo wanga umefikaje? Alikaa kimya muda mrefu. Mimi nikamsimulia ninachokijua shambani: ukungu ukipiga majani mapema, ukifukua chini unakuta viazi vidogo kama gololi, hata kama mbolea uliweka ya kutosha. Akashika daftari, akapekua mbele kwenye mada ya usafirishaji, akaanza kusoma kwa midomo. "Mama! Ni floemu. Jani linatengeneza sukari, floemu inaishusha chini, kiazi kinaihifadhi kuwa wanga. Jani likifa, hakuna cha kushusha." Zilikuwa mada mbili, alizisoma kwa miezi tofauti, na hakuna siku aliyowahi kuziona zinagusana. Mimi nilikuwa nimeuza viazi miaka kumi na minne bila kujua jina la huo mfereji. Usiku ule tulilala saa nne na nusu.

Fizikia niliiogopa zaidi, maana yeye mwenyewe aliichukia. Alikuwa kwenye mashine rahisi. Daftari limejaa kanuni za kugawanya herufi kwa herufi. Nikamwambia anichoree. Akachora kijiti, kitu cha kukiegemeza, mishale miwili. Nikakitazama kile kijiti nikasema: hii si nyenzo? Egemeo, mzigo, jitihada? Tulifundishwa shule ya msingi, na yeye pia alifundishwa, kwa Kiswahili, miaka michache tu nyuma. Akashtuka. Alikuwa hajui kwamba ni kitu kilekile. Alipofika sekondari vitu vyote vilibadilishwa majina, naye akadhani ni vitu vipya.

Jumamosi sokoni tukalipima toroli letu. Niliazima futi kamba ya fundi cherehani. Kutoka kwenye ekseli ya gurudumu hadi katikati ya mzigo ilikuwa sentimita 40, na hadi mikono inaposhika, sentimita 120. Mzigo kilo 60. Akapiga hesabu chini kwa kijiti, pale kwenye vumbi: uzito nyutoni 600, mara 40, gawanya kwa 120, anabaki na nyutoni 200. Manufaa ya kimakanika 3. Uzito wa toroli lenyewe tuliuacha. "Kwa hiyo mama unainua kilo 60 kwa nguvu ya kuinua kilo 20." Nikamwambia sasa sogeza gunia nyuma, karibu na mikono, uinue. Akasogeza, akainua, akaachia haraka. Umbali ulikuwa umefika sentimita 70. Akapiga tena hesabu bila mimi kumwambia: nyutoni 350. Wabeba mizigo waliokuwa wamekaa kivulini wakaja kutazama, mmoja akasema ndiyo maana yeye siku zote anapakia mbele. Hilo alilijua mgongoni mwake, binti yangu sasa alilijua kwa namba. Tangu siku ile sikumsikia tena akisema Fizikia ni ya wavulana.

Kuna kosa nililolifanya, na ningependa mzazi mwingine alikwepe. Kwa sababu Kiswahili kilifungua milango, nikakiacha kitawale. Wiki tatu nzima kila kitu tulieleza kwa Kiswahili tu. Jaribio la katikati ya Septemba, Baiolojia ikashuka. Nilipoangalia karatasi, majibu aliyajua, nilipomuuliza aliyataja yote, lakini Kiingereza cha kuyaandika hakikuwapo. Ameandika nusu sentensi, amekata, ameacha. Mtihani hautamuuliza kwa Kiswahili isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Niliumia, kwa sababu alikuwa amefanya kazi.

Tukagawa muda. Saa nzima ya kuelewa kwa Kiswahili, nusu saa ya mwisho ya kuandika sentensi nne au tano za Kiingereza kuhusu kile alichonieleza, daftari likiwa limefungwa. Anazisoma kwa sauti. Mimi sikuweza kusahihisha sarufi, lakini nilisikia anapokwama, na mara nyingi alipokwama ndipo hata kwa Kiswahili hakuwa amepaelewa sawasawa. Binti wa jirani, aliyemaliza Kidato cha Nne, alikuja kila Jumapili baada ya ibada kuzipitia zile sentensi. Nilimlipa viazi, sado moja kwa wiki, kile kindoo cha kupimia sokoni, na mama yake alisema ndaga, asante kwa Kinyakyusa.

Jiografia tulibishana, na ubishi ulimsaidia. Aliandika kwamba mizigo mizito husafirishwa kwa reli kwa sababu ni nafuu. Reli ya TAZARA si inapita hapahapa Mbeya, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975? Nikamuuliza, basi kwa nini viazi vyangu vinakwenda Dar kwa lori, kwa Fuso? Hakuwa na jibu. Nikamweleza: Fuso linafika shambani, Isyonje, linapakia, linashusha sokoni. Treni inataka upakie kwenye gari, ushushe stesheni, upakie behewani, ufike ushushe tena, utafute gari jingine. Kila mkono unaoshika kiazi unakichubua, na kiazi kilichochubuka kinaoza. Akaandika upande wa pili wa ukurasa hasara za reli, na mara hii hazikutoka kwenye kitabu.

Historia na Uraia hazikunipa shida. Safari ya Wangoni aliipenda, kuvuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, kufika Ufipa, kisha kugawanyika baada ya kifo chake. Alinisimulia usiku mmoja wote, na mwisho akauliza kama wale tunaonunua kwao mahindi kutoka Songea ndio hao. Kwenye Uraia tulizungumza lumbesa, ule ujazaji wa gunia kupita kipimo, kwamba sheria inaikataza na bado mnunuzi anakuja na gunia lililoshonewa kilemba juu.

Kiswahili kilinishangaza. Alikuwa anaangushwa na upatanisho wa kisarufi. "Viazi zimepanda bei." Ndivyo sisi sote tunavyosema sokoni, mimi wa kwanza. Viazi vimepanda. Tukaweka kanuni kwamba pale mezani, na hata kibandani, kila anayekosea ngeli anarudia sentensi yote. Wateja walituzoea.

Hisabati ndiyo iliyokuwa mlima, na Kemia. Kemia kwa kweli sikuweza: alama za elementi, valensi, fomula. Hapo hela yangu ya tuisheni ya somo moja ilikwenda huko. Hisabati tulishika tulichoweza. Mfanano wa pembetatu tuliupima nje, asubuhi ya Jumapili kabla ya kanisa: kijiti cha mita 1 kivuli chake sentimita 80, mlingoti wa jirani kivuli mita 9.6, kwa hiyo mlingoti una mita 12. Logariti zilimtesa. Lakini zamani alikuwa anamwambia mwalimu wake "sielewi Hisabati," na mwalimu mwenye wanafunzi wengi vile atamsaidiaje? Oktoba alikwenda na swali lililokatwa vizuri: namba ndogo kuliko moja, kwa nini ile tarakimu ya mbele ya logariti yake inawekewa mstari juu? Mwalimu alimkalisha dakika kumi ofisini, akaelewa. Oktoba 31 matokeo ya sensa yalipotangazwa redioni, watu 61,741,120, alichukua kalamu akaandika ukutani kwenye kalenda: 6.174 mara 10 kwa kipeo cha 7. "Logariti yake inaanza na 7," akasema, akaenda kuosha vyombo.

Siku za mtihani sikumuuliza kitu. Nilimwamsha saa kumi na moja, uji, nauli ya bajaji ili asiloe, maana mvua za kwanza zilishaanza kuonja. Akirudi nilimwekea maji ya moto, tukazungumza mengine.

Matokeo yalitoka Januari. Baiolojia B. Kiswahili B. Fizikia C, Historia C, Jiografia C, Uraia C. Kiingereza D. Kemia D. Hisabati D, alama ambayo wengine wataiona ndogo, lakini ilitoka F na mimi nilikuwepo kila jioni ilipokuwa inatoka huko. Alivuka.

Kidato cha Tatu wanachagua, sayansi au sanaa. Ndugu walishauri sanaa, kwamba sayansi itamrudisha nyuma. Yeye akasema anabaki na Fizikia. Sikumpinga. Jumatatu ya kwanza ya muhula, tuliposhaondoa sahani, aliweka mezani daftari jipya la Kemia, lina ukurasa mmoja tu ulioandikwa, milinganyo ya kikemikali, atomu za upande huu lazima zilingane na za upande ule. Akavuta kiti. Mdogo wake wa darasa la sita naye akaja na daftari lake la Sayansi, akakaa upande wa pili wa taa.