Vyuma mbele, baiskeli nyuma: nilivyoshusha kitambi mabega yakabaki

Hapa Tanga mtu akitaka kupungua, jambo la kwanza ni kukimbia. Alfajiri ukipita Raskazone utawakuta, wengine wamejifunga mifuko ya nailoni tumboni na kuvaa sweta juu yake, wakiamini mafuta yanayeyuka kama samli kikaangoni. Jasho ni maji tu. Ukinywa lita moja, kilo yako imerudi.

Nilikuwa na kilo 92 na kitambi cha kutosha, lakini chini yake kulikuwa na mwili nilioujenga kwa miaka ya kunyanyua vyuma, na huo sikutaka uende na maji. Nilikuwa nimeshamwona mwenzangu kazini akipungua kwa kukimbia na kujinyima kula. Kilo zilishuka kweli, ila mashavu yaliingia ndani, mikono ikawa kama si yake, na kitambi kikabaki kinamchungulia. Mwili ukipewa chakula pungufu hutafuta pa kupunguzia matumizi. Msuli unaobeba mzigo mzito kila wiki una kazi, kwa hiyo unalindwa. Usio na kazi ndio wa kwanza kuguswa. Basi nikapanga hivi: vyuma ndiyo shughuli yenyewe, mazoezi ya pumzi, yaani ya kukuhemesha kama kukimbia au baiskeli, yasaidie, na kitambi kishushwe jikoni.

Vyuma nilivipa Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Skwoti (kuchuchumaa na kuinuka na chuma begani), benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali), dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni), kuvuta chuma kifuani, kujivuta kwenye bomba. Seti tatu tatu, kila seti mara sita mpaka nane. Pale jimu kila mmoja ni kocha, na ushauri niliopewa ulikuwa mmoja: "Kaka, ukitaka kukata mafuta hamia vyuma vyepesi, piga mara thelathini thelathini." Sikuukubali. Chuma chepesi kinakuchosha, lakini hakiuambii msuli kwamba unahitajika vilevile kama jana. Nilifanya kinyume: uzito haukuguswa, nilichopunguza ni seti. Wiki ambayo chakula kidogo kilinilegeza, tatu zilikuwa mbili, ila kilo 100 za skwoti zilibaki 100. Kila kitu niliandika kwenye daftari la shule. Mizani inaweza kukwambia umepungua kilo nne, haikwambii nne za nini. Daftari linasema. Maadamu namba za vyuma hazishuki, kinachoondoka kwa sehemu kubwa ni mafuta.

Pumzi kwangu ilikuwa baiskeli, na hapo mji wetu una baraka zake, maana ni tambarare na kila mtu anaendesha. Phoenix yangu kuukuu ilinitoa Ngamiani hadi kazini, upande wa bandarini, na kunirudisha jioni kwa kuzunguka njia ndefu ya ufukweni. Mwendo ni ule ambao unaweza kusalimiana na watu bila kukata neno katikati. Siku moja tu katika wiki nilijikamua, na kusi ikivuma huhitaji hata kilima: unaupokea upepo kifuani, unakanyaga kwa nguvu dakika moja, unapumua mbili, unarudia. Baiskeli niliipendelea kuliko kukimbia kwa sababu haigongi magoti wala haiachi mapaja na maumivu ya siku mbili, na mapaja hayo kesho yake yana skwoti. Vikiangukia siku moja, vyuma asubuhi, baiskeli jioni.

Kuna utafiti unaotajwa sana na watu wa vyuma wanaoogopa pumzi. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Hickson alieleza makundi matatu aliyoyafuatilia kwa wiki 10: la kwanza vyuma siku tano kwa wiki, la pili pumzi siku sita, la tatu yote mawili. Kundi la tatu liliongeza nguvu za miguu hadi karibu wiki ya saba, kisha nguvu zikasimama na mwishoni zikaanza kurudi nyuma. Sawa. Lakini wale walikuwa wanajikamua karibu kila siku juu ya vyuma vya siku tano. Mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli taratibu hayumo kwenye kundi lile.

Sasa jikoni, ambako ndiko kazi ilikokuwa. Nililenga protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, yaani kama gramu 145 kwa siku, bila kununua mkebe wowote wa unga wa protini. Asubuhi mayai matatu ya kuchemsha, gramu 18 hivi. Mchana samaki wa kuchoma au wa mchuzi mwepesi, robo kilo ya nyama yake inatoa hamsini na kitu. Jioni maharage, dagaa wakavu konzi moja, na nusu lita ya maziwa mgando. Ugali wenyewe unachangia kidogo. Nilichoondoa ni mafuta yasiyoonekana: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120, na mama watoto alikuwa akimimina bila kupima. Tuliafikiana tui zito libaki la Ijumaa. Chai yangu ikakosa sukari, na sambusa za saa nne nikaziaga. Kupungua nusu kilo kwa wiki kulinitosha. Ikizidi hapo niliongeza ugali.

Ramadhani sikujifanya shujaa. Vyuma mara mbili kwa wiki baada ya tarawehe, baiskeli kidogo kabla ya magharibi, na daku lenye mayai na maziwa. Lengo la mwezi ule lilikuwa kutoshuka tu.

Uthibitisho ulitoka kwa fundi cherehani. Anayo vipimo vyangu kwenye kitabu chake kilichojaa mafuta ya cherehani, na nilipompelekea kitambaa cha suruali na shati alizungusha tepu, akatazama kitabu, akazungusha tena. "Shehe, kiuno kimeondoka inchi nne." Akapanda begani. "Bega halijasogea." Pajani ilitoka nusu inchi. Akaniuliza kama naumwa, halafu akajijibu mwenyewe kwamba mgonjwa habaki na bega lile.

Nimefika kilo 83 na nimesimama hapo. Wali umerudi kwa kiasi, seti zimerudi tatu, baiskeli ipo palepale. Skwoti imefika 105, na Jumamosi najaribu 107 na nusu, endapo kijana aliyeazima visahani vidogo vya uzito vya jimu atavirudisha.