Bogenvilia Chumbani kwa Jirani

Bogenvilia niliyoinunua mwaka nilipohamia Hamburg ilichanua kiangazi kizima kwenye roshani yangu, kwa zambarau ileile iliyokolea ambayo huko Mombasa hutanda juu ya kuta za watu bila mtu kuishughulikia. Usiku wa Oktoba ulipoanza kukaribia nyuzi sifuri, ilibidi niiingize ndani, kwani mmea huu wenye asili ya Amerika ya Kusini hauvumilii jalidi.

Mimi, mtu wa pwani, nilikuwa nimekwisha kuitengea nafasi sebuleni kando ya kipasha joto. Jirani yangu, bibi Mjerumani aliyeishi peke yake, alikataa katakata. Alinieleza kuwa kinachopungua zaidi katika majira ya baridi ni mwanga, maana mchana wa Desemba mjini Hamburg hautimizi hata urefu wa saa nane, na mmea unaopewa joto bila mwanga hutoa machipukizi marefu, membamba na dhaifu, huku hewa kavu ikiukaribisha utitiri. Kwa maoni yake, ilihitaji ubaridi wa nyuzi kama 10, dirisha, na maji ya kuonja tu.

Tuliiweka kwanza kwenye dirisha la ngazi. Haikuchukua muda, barua ikaja kutoka kwa wasimamizi wa jengo ikisema kuwa ngazi ni njia ya kukimbilia moto ukizuka, na kwamba chungu kiondolewe. Hoja yao ilikuwa ya haki, ingawa rafu ya viatu ya ghorofa ya chini haikuandikiwa barua yoyote. Ndipo bibi aliposema niilete chumbani kwake, kwa kuwa, kama Wajerumani wengi, hulala bila kuwasha kipasha joto, tena dirisha likiwa wazi kidogo.

Kufikia Krismasi ilikuwa imepukutisha majani yote, ikabaki miiba na vijiti vya kijivu miguuni pa kitanda chake. Nilimpa pole, naye hakuipokea. Alikwaruza gome kwa ukucha, akanionyesha ubichi wa kijani uliokuwa chini yake.

Mwezi wa Machi aliyapunguza matawi kwa mkasi, kwani maua hutokea kwenye machipukizi mapya, na katikati ya Mei, zilipopita siku ambazo Wajerumani huziita za Watakatifu wa Barafu, ambazo kwao ndizo za mwisho za kuhofia jalidi, tuliitoa nje, kwanza kivulini ili majani machanga yasiungue. Ilichanua Julai, yaani majani yake ya juu yaligeuka zambarau yakavizunguka vile vijiua vyeupe vidogo ambavyo ndivyo maua yenyewe. Tawi moja lilivuka na kuingia upande wa roshani ya bibi. Alidai kuwa hilo ni kodi ya chumba, na sikuwa na hoja ya kumpinga.