Mama alipopata kiharusi tukakimbilia wilchea, kumbe tulitakiwa tuanze na choo

Mama alipigwa na kiharusi mwaka jana mwezi wa tatu, upande wote wa kulia ukalala, mkono na mguu. Akalazwa wiki mbili na siku kadhaa, halafu tukaruhusiwa na mfuko wa dawa na tarehe ya kurudi kliniki, basi. Hakuna aliyetuuliza nyumbani kwenu choo kikoje, na mi mwenyewe sikujua kwamba hilo ndo swali.

Kwetu ni Mbagala, nyumba ya kawaida tu ya uswahilini, vyumba vinne na korido katikati, choo kiko uani, cha kuchuchumaa, ukitoka mlango wa nyuma unashuka kibaraza halafu mchanga mpaka chooni. Kwa mzima ni hatua ishirini. Kwa mama ilikuwa safari, mimi nimeshika kwapa hili mke wangu lile, na tukifika ndo kazi yenyewe inaanza maana mguu wa kulia haubebi, hawezi kuchuchumaa, lazima mtu amshikilie mwanzo mpaka mwisho, na mama yangu ni mtu wa Tanga, kakulia kwenye stara, leo anashikiliwa chooni na mtoto wake wa kiume. Hakulalamika hata siku moja. Alichofanya akaacha kunywa maji.

Sisi tukadhani hana hamu. Chai anaonja, uji vijiko viwili, maji anasema weka hapo nitakunywa. Mke wangu ndo aligundua, akaniita pembeni akasema mama anajikausha makusudi ili asiende chooni. Nilipomuuliza mama akageuzia uso ukutani, akasema "Baba, nawasumbua." Nililia siku hiyo, sifichi. Mkojo wenyewe ulishakuwa umekolea na unamchoma, kumrudisha hospitali wakasema ana maambukizi ya njia ya mkojo.

Sasa huku hayo yanaendelea, ndugu kwenye grupu la wotsap walikuwa wanachangishana wilchea. Kila mtu akiona mgonjwa wa kiharusi anawaza wilchea. Ikapatikana 320,000, kaka akaenda mjini duka la vifaa tiba akabeba iliyokuwepo, ikaja na boda imefungwa kamba. Tumeifungua, tumefurahi, tumempandisha mama, haipiti mlango wa chumba. Nikachukua tepu ya fundi, kutoka duara la tairi hili mpaka lile sentimita 66, mlango wa chumba ukishafunguliwa unabaki na 64, mlango wa choo ndo kabisa 58. Uani tairi ndogo za mbele zinazama kwenye mchanga hata ukisukuma na watu wawili. Na kikalio kipana, mama mwembamba, akikaa analalia kulia kama gunia limeegeshwa. Dukani wakasema mali ikishatoka hairudi. Ikakaa koridoni inakusanya nguo.

Aliyetufungua macho ni dada mmoja wa mazoezi, fizio, pale kliniki. Kabla hata hajamshika mguu akauliza "Bibi anajisaidia wapi, na anafikaje?" Mtu wa kwanza kuuliza tangu mama augue. Nikamweleza yote mpaka habari ya wilchea, akasema hilo kosa analiona kila wiki, kiti mwendo kinapimwa kwa mtu kama suruali, na akasema WHO, Shirika la Afya Duniani, walishatoa mwongozo tangu 2008 wa viti mwendo kwa mazingira ya watu wa kipato kidogo, kwamba mtu apimwe, akae kwanza aangaliwe, afundishwe yeye na wanaomsukuma, siyo kupewa tu kilichopo. Lakini akasema kabla ya hapo mtengenezee kwanza kiti cha choo, kikae chumbani pembeni ya kitanda. Akachora kwenye karatasi ya nyuma ya kadi.

Hapa nataka nieleze vizuri maana najua kuna mtu atahitaji. Tulichukua kiti cha plastiki kile cha kwenye masherehe, chenye mikono. Ukikata tundu tu ukaacha hivyo, miguu ya plastiki itatanuka siku moja na mgonjwa ataanguka, jirani yetu lilimkuta kwa baba yake. Kwa hiyo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale karibu na stendi, akatengeneza fremu ya skwea paipu ya inchi moja, miguu minne imetanuka kidogo kwa nje ili kisipinduke mtu akiegemea upande, kiti cha plastiki kikakatwa miguu kikafungwa juu yake kwa bolti. Tundu tukalikata kwa msumeno, kingo zote tukazipiga msasa halafu tukazungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliopasuliwa, maana ngozi ya mzee inachanika kirahisi. Chini reli mbili za kuteleza ndoo yenye mfuniko. Kimo ni cha muhimu sana, fundi alikuja kabisa nyumbani, akamwamkia mama, akampima kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino ili akikaa nyayo zote zikanyage chini, mana miguu ikining'inia hawezi kujiinua. Na mikono ya kiti iwe imara kuliko kitu kingine chochote, ndo anayosukumia kunyanyuka. Miguuni tukavisha zile raba za chini ya magongo. Jumla na kiti chenyewe 85,000, nikalipa kwa awamu mbili.

Kinakaa upande wake wa kushoto, upande mzima. Usiku wa kwanza alishuka mwenyewe, mke wangu kasimama tu karibu bila kumshika, khanga imemfunika, akamaliza, akarudi kitandani. Asubuhi akaomba chai ya rangi, kikombe kizima. Pampasi tulizokuwa tunatumia tatu kwa siku zikashuka mpaka moja ya usiku, ile hela peke yake ililipa kiti ndani ya miezi miwili.

Vingine vilifuata kidogokidogo. Jirani alishauri tumkalishe kwenye tyubu ya gari iliyojazwa upepo asipate vidonda, wengi wanafanya hivyo, nesi akakataza kabisa, akasema ile duara inabana nyama pembeni na pale katikati damu ndo haifiki. Mama alishaanza kuwa mwekundu pale kwenye mfupa juu ya makalio. Tulichofanya ni kumgeuza kila masaa mawili, ratiba imebandikwa ukutani na kila anayemgeuza anaweka tiki, hata watoto wa shule wanajua zamu zao za jioni. Kitanda tukakiinua kwa vipande vya mbao vilivyochimbwa shimo la kuingiza mguu wa kitanda, maana kilikuwa chini mno, kunyanyuka anashindwa. Wekundu ukaisha bila kuwa kidonda, alhamdulillah.

Ukutani tukaweka bomba la chuma la kushikia. Tahadhari hapa, tofali zetu nyingi ni mchanga kuliko simenti, ukigongea skrubu inatoka na ukuta wake. Fundi alitoboa mpaka upande wa pili, akapitisha bolti ndefu na bamba la chuma nyuma, nikaning'inia mimi mwenyewe na kilo zangu 80 ndo nikaamini.

Shangazi alileta woka, ile fremu ya kutembelea, zawadi ya moyo kabisa, lakini woka inataka mikono miwili na mama ana mmoja. Fizio akatupa gongo la chuma la miguu minne la kushika mkono wa kushoto, yani mkono ulio mbali na mguu mbovu, mimi nilikuwa nadhani gongo linakaa upande unaouma. Kimo chake, mtu asimame na mkono ukining'inia, kishikio kifike kwenye kiwiko cha... hapana, kwenye kifundo cha mkono, pale penye mkunjo. Wengi wanatembea na magongo marefu mpaka bega limepanda.

Jambo lililomuumiza mama kuliko kutembea ni kula. Mkono wa kulia haushiki, na wa kushoto kwake ni mkono wa kutawadhia, hawezi kuutia kwenye wali. Alikuwa anasubiri alishwe kama mtoto. Tulimwita ustadhi wa msikiti wa mtaani, akakaa naye taratibu, akamwambia mwenye udhuru hana lawama, kula kwa kushoto, na hata swala swali umekaa na maji yakikushinda tayamamu. Ilimtoa mzigo. Mke wangu akakata kandambili ya zamani akazungushia mpini wa kijiko ukawa mnene, ukaweza kushikika vizuri, bakuli likawekewa kitambaa chenye unyevu chini lisikimbie. Na kwa vile mkono mmoja sasa ndo unafanya yote, kuna beseni, sabuni na birika pembeni ya kiti cha choo muda wote, hilo halina mjadala.

Wilchea nayo haikutupwa. Ofisa ustawi wa jamii wa kata alituandikia barua, mama ana miaka 71 na matibabu yake anapata kama mzee lakini kiti hakimo humo, ikabidi tuzunguke na barua ile na kuulizia. Ukiwa Dar ujue hospitali ya CCBRT kule Msasani wana kitengo cha utengamao, yani cha kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, na Muhimbili iko MOI, taasisi ya mifupa, fika uulize mwenyewe kabla hujatoa hela dukani. Sisi mwishowe tulibadilishana na familia moja ambayo baba yao ni mtu mpana, kiti chao kidogo kilikuwa kinambana mapaja, cha kwetu kikamtosha, cha kwao kina kikalio cha sentimita 40 na tairi za mbele nene. Kinapita mlangoni kwa kukwaruza kidogo vidole, mama tumemfundisha aweke mikono mapajani.

Kilichobaki ni kibaraza cha nyuma. Kimepanda sentimita 18, na kanuni ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda unahitaji kumi na mbili za urefu, yani njia ya zege ya mita mbili na kitu kabla hata hujaufikia mchanga. Simenti mifuko mitatu ipo ndani, fundi anakuja Jumamosi, na mama kashasema anataka njia igeuke kulia ifike mpaka chini ya mwembe, siyo iishie hapo mlangoni.