Siku moja maishani mwangu: nafunga na kusoma Holter

Saa 1:15 asubuhi
Naanza na betri. Niko kliniki ya moyo hapa Dar es Salaam, kazi yangu ni kuwafunga wagonjwa kifaa cha Holter, kinasa kidogo kinachovaliwa na kuandika umeme wa moyo mchana na usiku, na kusoma kilichorekodiwa. Betri ya jana siirudishi kwenye kifaa hata kama bado ina chaji. Ikizimika usiku, tatizo tunalolisaka laweza kupita saa hiyo hiyo bila kuacha alama. Kisha nalinganisha saa ya kila kifaa na ya ukutani. Kifaa kinahesabu saa 24 tangu usiku wa manane, wagonjwa wetu wanapohisi dalili wanaandika saa 3, saa 4. Ndiyo maana daftari ninalowapa lina safu tatu: asubuhi, mchana, usiku.

Saa 2:00
Mama muuza samaki wa soko la Feri. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Mkononi ana karatasi za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kutoka hospitali tofauti, zote zimeandikwa kawaida. Moyo unamwenda mbio ghafla, unadunda dakika kumi hivi, halafu unatulia. Akifika hospitali hakuna kitu. Nyumbani wameanza kumwambia ni mawazo.

Mimi namwamini. ECG ya kitandani inachukua takriban sekunde 10, na moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Mtu asiyekutwa na tatizo ndani ya sekunde hizo si mwongo.

Nasafisha ngozi kwa spiriti, naisugua kwa kitambaa cha gozi mpaka mafuta yatoke, nasubiri ikauke kabisa maana kwa joto letu kibandiko kilichowekwa kwenye unyevu hakifiki jioni. Nabandika juu ya mfupa, si juu ya nyama inayochezacheza. Kila waya naukunja kidogo na kuuzuia kwa plasta, ukivutwa ivutike plasta kwanza. Asioge mpaka kesho, ajipanguse tu. Anauliza kama alale nyumbani apumzike. Namwambia hapana mama, nenda sokoni, beba ndoo zako, fanya yale yale yanayoamsha mdundo huo. Ila akizimia au kifua kikimbana, aje dharura moja kwa moja.

Saa 4:20
Kijana wa bodaboda anarudisha kifaa cha jana. Amekuwa akiona giza ghafla. Namfungua, naingiza rekodi kwenye kompyuta.

Programu inahesabu haraka lakini inadanganyika. Imeweka alama nyekundu penye mistari iliyokatika kabisa, ikidai moyo ulisimama sekunde 6. Si kweli: mstari umelala bapa mara moja, kisha imefuata michirizi minene ya fujo. Huo ni waya uliochomoka alipovua shati. Naifuta.

Alama ya pili siifuti. Mawimbi madogo ya vyumba vya juu vya moyo yanaendelea kuja, moja baada ya jingine kwa nafasi zilezile, lakini pigo kubwa la vyumba vya chini halifuati. Sekunde 4 na zaidi. Umeme unatoka juu, haufiki chini. Nafungua daftari lake, safu ya usiku: "saa 3 kasoro dakika 10, kizunguzungu, nimeshika ukuta." Kwenye kifaa ni 20:50. Ni dakika ileile.

Nampigia daktari papo hapo. Halafu namuuliza kijana amekujaje. Kwa pikipiki. "Mdogo wangu, funguo mpe ndugu yako aje aichukue." Anapelekwa wodini, na wanazungumza naye juu ya kuwekewa betri ya moyo, kifaa kinachousukuma moyo upige.

Saa 7:30
Chakula, haraka. Norman Holter, Mmarekani wa Montana aliyebuni njia hii, alianza na mzigo wa mgongoni wa kilo 38 hivi. Leo kifaa kinaenea kiganjani.

Saa 8:15
Kijana mwingine kaletwa na saa yake ya mkononi, imemwonya kuwa mapigo hayana mpangilio. Sizidharau saa hizi. Zinatumia mwanga kusoma damu inavyopita kwenye mkono, kwa hiyo zinaweza kukosea mkono ukitikisika, na onyo lake si jibu kamili. Lakini yake inaandika pia ECG ya sekunde 30 akigusa kwa kidole. Naichapisha na kuiweka kwenye faili. Mapigo ya namna hiyo yakithibitishwa, yanaweza kugandisha damu moyoni na kuleta kiharusi, hivyo dokezo lolote nalipokea.

Saa 9:40
Ripoti ya mwalimu mmoja. Rekodi yake ni safi tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini daftari halina kitu: siku hiyo hakuhisi lolote. Angeandika "moyo unadunda" nami nikakuta mapigo ya kawaida dakika hiyo, hilo lingekuwa jibu, tungejua mdundo si wa hitilafu ya umeme wa moyo. Hivi sina jibu. Siandiki "kawaida" peke yake, kwa sababu kesho atarudishwa nyumbani na neno hilo na hakuna atakayemsikiliza tena. Naandika: hakupata dalili wakati wa kipimo.

Anazimia kama mara moja kwa mwezi. Saa 24 hazimfai. Kuna vibandiko vya siku 14, na kuna kifaa kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua kinachoweza kukaa miaka mitatu hivi, ila gharama yake wengi wetu hawaimudu. Naongeza mstari kwa daktari: naomba arudiwe, siku nyingi zaidi. Kifaa chetu cha siku 7 kinarudi Ijumaa. Nimeshakiandikia jina la mwalimu.