Upau wa kusogeza uliokonda ghafla kwenye programu ya ghala Kibaigwa

"Kaka, ule upau wa pembeni umekonda, siushiki." Aliyenipigia ni karani wa ghala la mahindi Kibaigwa. Programu yao ya stakabadhi niliiandika mimi, na orodha ya mizigo huonekana ndani ya WebView2, yaani kivinjari kilichopachikwa kwenye dirisha la programu. Msimu wa mavuno orodha ni ndefu mno, na gurudumu la mausi hukwama kwa vumbi, kwa hiyo makarani huburuta upau. Ndiyo maana niliupa unene wa pikseli 18 kwa ::-webkit-scrollbar, yaani kanuni ya CSS (lugha ya mitindo ya kurasa) ya kurekebisha mwonekano wa upau.

Msimbo wa programu haukuwa umeguswa. Nilipofika nikabonyeza F12 humo humo kwenye programu kufungua zana za ukaguzi: kanuni zangu zilikuwepo zote, ila hazifanyi kazi. Nikashuka kwenye thamani za mwisho za orodha, nikakuta scrollbar-color, sifa ya CSS ya rangi za upau, ina rangi mbili ambazo sikuziweka. Zilitoka kwenye kifurushi cha mitindo tunachotumia, kilichozipachika kwenye html, yaani kipengele kinachobeba ukurasa mzima, na sifa hiyo hurithiwa na kila kilicho ndani.

Zamani injini ya Chromium, inayoendesha WebView2, haikuielewa sifa hiyo, ikaipuuza. Tangu toleo la 121, Januari 2024, inaielewa, na ikishaona thamani isiyo auto (ile ya kawaida) huziacha kabisa kanuni za ::-webkit-scrollbar. WebView2 ya kawaida hujisasisha yenyewe mashine ikipata intaneti. Kompyuta ya ghala huunganishwa kwa simu mara chache, ndiyo maana ilibadilika baada ya ile ya ofisi ya Dodoma mjini, ambako hakuna aliyelalamika.

Tiba ni mistari miwili kwenye orodha: scrollbar-color: auto na scrollbar-width: auto. Unene ukarudi papo hapo.

Wapo wanaoshauri kuacha ::-webkit-scrollbar na kuhamia sifa hizi mpya moja kwa moja. Kwa kazi hii nakataa: scrollbar-width inajua auto, thin na none tu, haipokei pikseli, na kwa karani anayeburuta siku nzima unene ndio kila kitu. Kufungia toleo moja la WebView2 nako sikushauri, maana marekebisho ya usalama itabidi uyapeleke mwenyewe.

Nikiwa hapo hapo nikaongeza min-height ya pikseli 60 kwenye ::-webkit-scrollbar-thumb, kwa sababu orodha ikirefuka kile kipande cha kushika husinyaa kikawa kama punje.