Kibaba cha baruti

Nikirudi Lamu, habari za Marekani nazisimulia zote isipokuwa moja, nayo hutegemea ni nani aliyeketi barazani. Tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 watu wa kaunti hii wameonja amri za kutotoka usiku, vizuizi vya njiani na misako ya msitu wa Boni, na neno baruti halitamkwi ovyo. Kwa hiyo nikiulizwa Minnesota nashinda wapi wakati wa theluji, hujibu kwamba nashinda nyumbani. Si uongo. Ila huko nyumbani, kwenye chumba cha chini, najaza upya risasi zilizokwishapigwa.

Kule si jambo la kificho. Sheria ya nchi nzima haimdai leseni mtu anayejitengenezea risasi za kutumia mwenyewe. Anayedaiwa ni yule anayetengeneza ili auze. Lakini ninyi mnaojiandaa kwenda, sikieni hili: aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, na vighairi ni vichache. Mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, ana nafasi. Usimfuate rafiki kwenye kiwanja cha shabaha kwa sababu tu yeye ni mwenyeji na anakwambia hakuna neno. Kenya nayo ni kinyume kabisa: kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hata risasi moja mfukoni bila cheti ni kosa.

Niliyemweleza yote bila kupunguza ni ami yangu, aliyeuza nafaka dukani kwake Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, miaka mingi kabla ya kila kitu kuja kimefungwa kwenye pakiti. Alitaka kujua kazi yenyewe, si siasa yake.

Nikamwambia: risasi ikishalia, kinachobaki ni ganda la shaba, na ganda hilo hutumika tena. Unaling'oa fataki iliyoungua, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, unalirudisha ganda katika umbo lake kwa kalibu, unatia fataki mpya, unamimina baruti, halafu unakandamiza kichwa juu yake. Fundi aliyenifundisha ni jirani yangu, mzee mstaafu ambaye hajui Lamu iko wapi na hata siku moja hajauliza.

"Baruti yenyewe mwaipima kwa mizani au kwa kibaba?"

"Kwa kibaba, Ami. Mizani ni ya kuhakikishia tu."

"Basi mna taabu," akasema, na akakaa vizuri.

Alikuwa amelipata jambo lote pale pale. Mashine ya kupimia baruti ina chupa juu na mrija chini, na katikati gurudumu la chuma lenye kishimo. Ukinyanyua mkono wa mashine kishimo hujaa, ukiushusha humimina kwenye ganda. Kishimo kinapima ujazo, lakini bunduki inajali uzito. Ami alikumbusha fitri: pishi ni vibaba vinne, na pishi ya mchele na pishi ya tende hazilingani hata kidogo zikiwekwa kwenye mizani, ndiyo maana kila Ramadhani watu hubishana kilo ngapi. Hata mchele ule ule wa gunia moja, kibaba cha mfuto (kilichosawazishwa juu) kilichotikiswa kina uzito zaidi kuliko kibaba cha mfuto kilichojazwa taratibu. "Mteja mjuzi," akasema, "alikuwa hakutazami usoni, akitazama mkono."

Na baruti ni hivyo hivyo. Zipo za punje duara, hizi hutiririka vizuri na kupimika kwa usawa. Zipo za vipande bapa. Zipo za vijiti, ambazo gurudumu likizunguka huzikata, nawe unasikia mkononi jinsi zinavyokwaruza. Chupa ikiwa imejaa, uzito wa juu hushindilia ya chini. Ikikaribia kuisha, kishimo hujaa kwa ulegevu. Ndiyo maana mashine nzuri huwa na kibati ndani ya chupa cha kuzuia uzito huo, na ndiyo maana vipimo vya mwanzo humiminwa na kurudishwa chupani mpaka baruti itulie.

Uzito wenyewe ni mdogo mno. Wenzetu kule wanahesabu kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000. Risasi ya bastola ya kawaida inaweza kuchukua greni tano hivi, yaani kama theluthi ya gramu. Kosa la nusu greni kwenye bunduki kubwa ya kuwindia, inayobeba greni arubaini au zaidi, ni kama asilimia moja. Kwenye bastola ni asilimia kumi. (Vipimo vya kujazia sivitaji hapa kwa makusudi. Vimo kwenye vitabu vya watengenezaji baruti, na mwenye akili huanza chini ya kiwango cha juu, akapanda kidogo kidogo.)

Sasa mashine utaijaribuje ujue inaaminika? Watu wengi kiwanjani kwetu humimina mara kumi kwenye bakuli moja, wakapima jumla, wakagawanya kwa kumi. Ikija greni 50.0, wanafurahi: kila moja tano. Njia hii si mbaya kwa kurekebisha mashine, kwa sababu kosa dogo la mizani nalo hugawanywa kwa kumi. Lakini wastani hauna macho. Nilimwandikia Ami mfano kwenye karatasi, vipimo viwili vinavyofuatana: 4.4, kisha 5.6. Jumla kumi, wastani tano, kila kitu sawasawa.

Akaziangalia namba zile, wala hakuhitaji kuelezwa. "Kilichokwama kwa mteja wa kwanza kimemwangukia wa pili."

Ndivyo hasa. Baruti hujishika kwenye mrija, hasa ya vijiti au vipande vikubwa, halafu mkono unaofuata huiangusha yote. Risasi pungufu kupita kiasi inaweza kukiacha kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na anayepiga nyingine nyuma yake ameshaharibu bunduki na labda mkono wake. Iliyozidi sana inapasua bunduki moja kwa moja. Na wastani wa risasi hizo mbili hauna kasoro! Ndiyo maana mimi siukubali mtihani wa bakuli peke yake, hata ukifanywa na mtu mwenye ndevu nyeupe.

Kila kipimo kipimwe peke yake, namba ziandikwe kwa mpangilio zilivyotoka, vipimo thelathini hivi ndipo picha huonekana. Mpangilio ndio wenye maneno. Namba zikishuka pole pole, tazama chupa, inaisha. Zikitapanyika bila utaratibu, tazama mkono: mtu anayenyanyua mara kwa nguvu, mara kwa ulegevu, anashindilia baruti tofauti kila mara. Ndogo ikifuatwa na kubwa, tazama mrija.

Lakini kabla ya kuihukumu mashine, mizani ndiyo ianze kupimwa. Mizani nyingi za nyumbani husoma greni 0.1, na inayoandika 5.0 inaweza kuwa imebeba 4.95 au 5.05. Basi ukiona tofauti ya 0.1 kati ya vipimo viwili, hujui ni mashine au mizani. Weka jiwe la mizani lile lile, litoe, lirudishe, mara nyingi. Namba ikiyumba bila kitu kubadilika, huna la kuilaumu mashine. Mizani ya umeme iwashwe nusu saa kabla, isipulizwe na feni wala mlango wazi. Ami alicheka: Lamu hakuna mahali pasipo na upepo wa bahari.

Kule taabu ni nyingine. Miezi ya baridi nyumba hupashwa moto, hewa inakauka kabisa, na umeme tuli huzishika punje kwenye kuta za chupa ya plastiki. Unaona kabisa baruti imeng'ang'ania badala ya kushuka. Jirani yangu hufuta chupa kwa karatasi zile za kuwekwa kwenye mashine ya kukaushia nguo, naye anaunga mashine waya uendao ardhini. Unyevu wa pwani ungekuwa na lake: baruti hunywa maji ya hewani, ikaongezeka uzito na kuungua polepole.

Baada ya mashine, maganda yote yakiwa yamepangwa kwenye kibao, lazima yamulikwe kwa tochi moja moja kabla ya kutia vichwa. Hakuna mtihani unaoondoa haja ya jicho. Wengine huchagua baruti yenye kujaa zaidi ya nusu ya ganda, ili ikimiminwa mara mbili ifurike, mtu aone.

Ami akauliza la muuza duka: faida iko wapi? Kwa risasi za kawaida za bastola ni ndogo, hasa fataki zinapopanda bei. Kwa bunduki ya zamani ambayo risasi zake ni adimu madukani, faida ipo. Mimi nafanya kwa sababu naipenda kazi, na hilo hakulipinga.

Safari zikikaribia, mfuko na koti la kiwanjani havifungwi kwenye sanduku, hata vikiwa vitupu. Ganda moja lililosahaulika kwenye mfuko wa koti linatosha kumkosesha mtu ndege ya Manda, uwanja wetu wa Lamu, na mengine zaidi. Ami ameagiza kitu kimoja tu katika yote niliyomsimulia: mizani ya greni, ya kupimia zafarani. Hiyo nitamletea.