Sona kwa ndani, boti bila tundu

Leo jioni nimemaliza kazi ya boti ya mzee mmoja wa Kibirizi, hapa Ziwa Tanganyika. Alitaka sona, kifaa cha kupima kina na kuona samaki kwa mwangwi wa sauti, ila aliweka sharti tangu tulipoamkiana: "Mwanangu, boti yangu hutaitoboa." Nami nilikubaliana naye. Kukifunga kihisi cha sona, kile kinachotoa sauti na kupokea mwangwi, nyuma kwa nje nako hakufai kwa boti zetu: zinavutwa juu ya kokoto, na wavu ukipandishwa hunasa chochote kilichochomoza.

Bahati nzuri boti yake ni ya faiba. Ingekuwa ya mbao, kama nyingi za hapa mwaloni, ningemrudishia hela, kwani mbao haipitishi sauti vizuri. Hata faiba si zote. Zenye sponji katikati hazifai, sponji imejaa hewa. Ndiyo maana kabla ya kugusa gundi nilimimina maji kidogo ngamani, yaani sakafuni ndani ya boti, upande wa nyuma (tezi) pasipo na mbavu za boti (taruma), nikakiweka kihisi humo tukaingia ziwani. Kina kilichosomeka kililingana na cha kamba yenye timazi. Hapo nikaweka alama.

Kilichokula muda ni gundi. Nilipiga msasa mpaka rangi yote ikatoka, nikafuta mafuta, kisha nikakoroga epoksi ile inayokauka polepole, taratibu, isishike povu. Nilikikandamiza kihisi huku nikikizungusha, nikitazama vipovu vikitoka pembeni kimoja kimoja. Hewa ikibaki chini yake, sauti inagonga hapo na kurudi, majini haifiki. Jambo hili hunifurahisha kila nikilifikiria, maana hata samaki tunawaona kwa sababu hiyohiyo: dagaa ana kifuko cha hewa ndani ya mwili, na mwangwi mwingi hutoka humo.

Mzee aliuliza kama ataona mpaka chini kabisa. Ziwa Tanganyika lina mita 1,470 penye kina kikubwa zaidi. Mashine yake yenye sauti ya kilohezi 200 haifiki huko, tena faiba inaipunguzia nguvu. Nikamwambia, mzee wangu, huko hakuna utakachovua. Maji ya chini hayana oksijeni. Dagaa na migebuka wako tabaka la juu. Asichotakiwa kukiamini ni joto la maji linaloonyeshwa, kwa sababu kihisi sasa kinapima joto la faiba.

Giza la mwezi likiingia atatoka na taa zake, na nimeshamwomba nafasi botini. Nataka nione kwenye skrini kundi la dagaa likipanda kuufuata mwanga.